Kidude cha USB cha kuchomekea maiki: miezi mitatu nakitumia, haya ndo niliyoyaona

Narekodi masomo ya sauti nyumbani, na kwa muda mrefu kila nikisikiliza nilichorekodi nakuta kelele ya "ssshhh" nyuma ya sauti yangu kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili, na chini yake kuna mngurumo usioisha. Maiki ni nzima, niliijaribu kwenye kompyuta ya jirani ikatoka safi. Ndo nikanunua hiki kidude, kidogo tu kama flashi, kina matundu mawili, moja la maiki lingine la hedifoni.

Kimefanya kazi, tena sana. Ile "ssshhh" karibu yote imeondoka siku ya kwanza. Sababu ni kwamba umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo mno, na tundu la mbele la kompyuta yangu limeunganishwa na waya mrefu unaopita ndani ya boksi, kwenye mafeni na vitu vingine vyenye kelele za umeme, kwahiyo unazoa kila kitu njiani. Halafu mi nilikua nimeiongezea maiki nguvu hadi desibeli 30 kwenye setingi za Windows, kumbe ukiongeza hapo sauti inapanda na kelele inapanda nayo. Kidude kinaibadilisha sauti kuwa data huko huko nje ya boksi, kabla haijakutana na kelele hizo. Nilipima na Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti, unarekodi sekunde kumi umekaa kimya kabisa unaangalia mita ya sauti: zamani ilikua inacheza kwenye desibeli -40, sasa iko chini ya -55 (ikishuka zaidi ndo kimya zaidi).

Ila jamani kabla hujatoa hela yako hakikisha tatizo lako ni kelele kweli, maana kama maiki hairekodi kabisa, unapata mstari ulionyooka tu, hiki hakitakusaidia. Nenda setingi za faragha kwenye Windows 10 au 11 uangalie kama programu zimeruhusiwa kutumia maiki, ikizimwa pale hata ununue maiki ya studio utarekodi ukimya. Pia angalia ni maiki ipi imechaguliwa, mara nyingi unakuta kompyuta inasikiliza ile ya kwenye kamera na wewe unaongea kwenye nyingine. Gonga maiki yako taratibu na kucha halafu gonga kamera, inayopiga kelele kubwa kwenye mita ndo inayorekodi. Na wenye hedifoni za simu, zile pini yake ina mistari mitatu, kwenye kidude cha matundu mawili maiki yake haitasikika bila waya wa kutenganisha maiki na hedifoni, tafuta kidude chenye tundu moja la pamoja.

Sasa yaliyonikera. Kina setingi ya kujipandishia sauti chenyewe na inakuja ikiwa imewashwa, yaani ukinyamaza kidogo kuvuta pumzi kelele ya chumba inapanda juu, ukianza kuongea inashuka, niliharibu somo zima la dakika 20 kabla sijaigundua. Ingia kwenye sifa za maiki uizime kabisa. Kinarekodi chaneli moja tu, kwa sauti ya mtu mmoja inatosha lakini uiambie Audacity irekodi chaneli moja. Ule mngurumo wenyewe haukuisha wote kwa kidude, uliisha nilipohamisha waya wa maiki ulikua umelala pamoja na waya wa umeme.

Nakipa nyota 4. Ya tano nimeibakiza kwasababu ni kinene kinaziba tundu la USB la jirani yake, na ukikichomeka wakati Audacity iko wazi haikioni mpaka uifunge uifungue tena au uiambie itafute vifaa upya.