Elektrodi ubongoni, nikiwa nimelala ndani ya MRI: maoni ya mgonjwa

Kama unafikiria kuwekewa elektrodi, nyaya nyembamba zinazopeleka umeme ubongoni kupunguza dalili za Parkinson, na kinachokuzuia ni hofu ya kukaa macho huku fuvu likitobolewa, maoni haya ni yako. Mimi ni mwalimu wa hisabati mwenye ugonjwa huo wa ubongo, unaoleta mtetemeko na kukakamaa. Mkono wangu wa kulia ulifikia kukataa chaki. Levodopa, dawa ya ugonjwa huu, ilikuwa bado inanisaidia, lakini nguvu yake iliisha kabla ya saa ya dozi nyingine, nikawa nakauka kama gogo.

Kwa njia iliyozoeleka, dawa unaachishwa tangu jana yake, kichwa kinafungwa kwenye fremu, na madaktari wanasikiliza umeme wa seli za ubongo huku wakikuambia inua mkono, fumba kiganja. Siidharau. Imewainua wengi tangu daktari wa upasuaji wa ubongo Benabid na wenzake walipoianzisha Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Mimi nilichagua nusukaputi, nikafanyiwa ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za mwili kwa sumaku.

Kilichonishawishi ni vipimo. Eneo linalolengwa, chini ya thalamasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, lina urefu wa milimita chache tu. Na fuvu likishatobolewa, maji ya ubongo huvuja, hewa huingia, ubongo unasogea kidogo. Picha ya jana haiaminiki tena sawasawa. Ndani ya MRI wanapiga picha papo hapo, wanarekebisha mwelekeo wa kifaa kilichofungwa fuvuni, wanapitisha sindano ya kauri isiyovutwa na sumaku, kisha wanapiga tena kuhakiki kabla ya kuweka elektrodi. Baadaye daktari alinionyesha picha ya mwisho: madoa mawili meusi, kila moja mahali pake. Niliitazama kwa muda mrefu.

Kasoro ipo. Kwa kuwa umelala, hawawezi kujaribu umeme na kuona unavyoitikia. Kwangu ulipowashwa, ulimi ukawa mzito. Walihamishia umeme kwenye sehemu nyingine ya elektrodi, maneno yakanyooka. Hatari ya damu kuvuja ubongoni na ya maambukizi nayo haiondoki kwa sababu ya MRI.

Wahudumu wa chumba cha upasuaji nawapa alama zote. Maelezo ya kabla, hapana. Walinieleza vizuri sana habari za sumaku, ila hawakunieleza vya kutosha kwamba betri ikishawekwa kifuani, chini ya mtulinga, ndipo kazi ya kurekebisha umeme na kupunguza dawa inapoanza, na kwamba inachukua miezi. Nilitarajia kuamka nikiwa mzima.

Sasa naandika ubaoni na darasa zima linasoma. Kuyumba ninapogeuka hakujabadilika, na ugonjwa wenyewe haujapona. Hata hivyo ningechagua njia hii tena bila kusita. Kabla hujatia saini, uliza ni nani atakayekurekebishia kifaa baada ya upasuaji, na kama utaweza kumfikia kila utakapomhitaji.