Kipimo cha Covid cha kemisti: chenyewe kiko sawa, shida inaanzia kazini

Naona watu hapa Kisumu bado wanauliza kama hivi vipimo vya kujipima Covid nyumbani viko na kama vina maana yoyote siku hizi, wacha niwaambie venye mimi nimeviona. Viko, lakini si kila kemisti. Hapo Oginga Odinga Street unaweza ingia mbili tatu ukiangaliwa tu, mmoja akanicheka kabisa, "Kwani hiyo kitu bado iko?" Iko bana. WHO ilitangaza Mei 2023 kwamba dharura ya dunia imeisha, haikusema virusi vimepanda basi vikaenda.

Mimi nilinunua kwa sababu ni keshia, natemewa kikohozi usoni kutwa nzima, na nyumbani naishi na mama mkwe ambaye ana sukari na presha. Yeye ndio sababu. Mimi mwenyewe ningekunywa maji ya tangawizi nikalala. Na hapa kando ya ziwa mnajua mambo, ukishikwa na homa kila mtu amekupatia malaria kwa mdomo kabla hujafika kwa daktari, hata huyo mama alikuwa ashasema, "Hiyo ni malaria tu, tafuta dawa." Nikapima malaria kwanza hapo hapo kemisti, hakuna. Ndio nikaitisha hii, shilingi mia saba, moja.

Kama ushapimwa malaria na ile kaseti ndogo ya plastiki hii hutaishangaa, tofauti ile inataka damu na hii inataka kamasi. Ndani kuna kijiti cha pamba, kichupa kidogo cha maji yao na kaseti. Pamba ni ya mbele ya pua tu, si zile za 2020 zilikuwa zinatafuta ubongo, unazungusha pua zote mbili, unakoroga kwa kichupa, unaminya pamba vizuri, unadondosha matone vile wameandika, unangoja dakika 15. Mstari wa C, ule wa kuonyesha kipimo kimefanya kazi, usipotokea hiyo imeharibika, tupa. Mstari wa T ukitokea, hata kama umefifia kiasi cha kuutafuta na tochi ya simu, uko nayo. Na usiiwache mezani halafu uje kuiangalia jioni, ikipitisha muda inaweza kujichorea mstari wa uongo. Maelezo yenyewe ni maandishi ya mchwa, Kiingereza na Kichina, hakuna hata sentensi moja ya Kiswahili, mtu kama mama mkwe angeiweka tu kando.

Sasa kitu cha maana kuliko vyote: nunua mbili. Ya kwanza ilitoka hasi na koo langu lilikuwa linawaka moto. Kama una dalili na imetoka hasi unafaa kurudia baada ya saa 48, kwa sababu mwanzo virusi vinaweza kuwa bado vichache puani, na hii si kama PCR ya maabara ambayo inazidisha vinasaba vya virusi mpaka hata kidogo kinaonekana. Kwa hivyo hizo siku za katikati nilikuwa na barakoa ndani ya nyumba na nakulia chakula jikoni peke yangu, watoto wananicheka. Ya pili T ilikuja haraka, hata dakika hazijaisha. Mama mkwe akahamia kwa shemeji huko Mamboleo hiyo jioni, hakushikwa. Sijui ni barakoa ama ni bahati lakini hiyo pesa sijutii.

Kuna mwenzangu akaniambia labda ni chanjo inaonekana kwa kipimo, maana nilichanjwa. Hapana. Hiki kinatafuta protini ya virusi vyenyewe puani, chanjo haiwezi kuichora hiyo T. Nilichanjwa AstraZeneca 2021, mwaka ule aina ya virusi ya Delta ilitupiga mpaka serikali ikatuwekea kaunti 13 za huku kafyu ya saa moja jioni, na foleni ya pale Russia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, nitaikumbuka. Kuchanjwa hakukuzuii kushikwa tena, ile kinga ya kutoshikwa kabisa hupungua baada ya miezi, kile inabaki nacho kwa muda mrefu zaidi ni kukuzuia usifike kwa oksijeni. Kwa hivyo mtu amechanjwa anaweza kuwa nayo na akuambukize vizuri tu.

Haya, kazini. Nilipiga picha ya kaseti nikamtumia meneja WhatsApp, nikamwandikia kwa heshima, "Boss nimepima niko na Covid, naomba nikae nyumbani." Jibu: "Pole sana. Chiti ya daktari iko wapi?" Na kusema ukweli sheria iko upande wake kwa hiyo ya chiti. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, ukishafanya miezi miwili mfululizo unapata angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na zingine 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, lakini uwe na cheti cha daktari ama cha anayesimamia zahanati kwa niaba yake, na uwe umemjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo. Kaseti haina jina langu, inaweza kuwa ya mtu yeyote. Kile kinaniuma ni hesabu yake: mtu ako na Covid apande boda, akae benchi la kliniki katikati ya akina mama na watoto wachanga, alipe kumuona daktari, apimwe tena kwa pesa yake, ndio aruhusiwe kutoambukiza watu wa kazini. Na hiyo ni mimi nimeajiriwa. Wale vijana wa kupakia mizigo wanalipwa ya siku, hata miezi miwili hawaruhusiwi kufikisha, wao wakiona T wataificha na kesho utawapata hapo hapo kwa mlango wa stoo. Siwalaumu.

Nyota nne kwa kipimo, mbili kwa maelezo. Kama unatafuta cha kuonyesha bosi usinunue, peleka hiyo mia saba kliniki moja kwa moja. Kama una mzee nyumbani ama mtoto mchanga, nunua. Angalia tarehe ya mwisho kwa boksi, na ukatae ile imepangwa kwa kioo cha mlango, boksi imeandikwa isizidi digrii 30 na nyinyi mnajua jua la Kisumu saa nane mchana, mwambie akutolee ya ndani.