Asidi imetoa madoa, ndevu zikayarudisha: kidevu changu baada ya kuambuliwa mara nne

Mimi ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja hapa Nairobi, na kwa miaka tisa amri ya kazini haijabadilika: kidevu kiwe laini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Shida ni kwamba ndevu zangu ni za kipilipili. Ukizinyoa kwa wembe hadi mzizini, ncha hubaki kali, hujikunja, kisha hurudi kujichoma ndani ya ngozi, nayo ngozi huvimba kana kwamba imechomwa mwiba. Kipele kikipona huacha doa jeusi. Hesabu miaka tisa ya hayo, utajua kwa nini nilikuwa nafunga kola hadi kifungo cha juu hata Februari.

Mwaka jana nikaamua kutafuta mtu wa kuniambua ngozi kwa asidi, yaani anipake asidi ibandue tabaka la juu, na madoa yatoke nalo.

Jaribio la kwanza sitalirefusha. Chumba cha vipodozi, ghorofa ya pili, upande wa River Road, shilingi 1,500. Dada wa pale hakuniuliza lolote ila kama nitalipa kwa M-Pesa. Chupa haikuwa na lebo. Nilipomwambia, "Dada, hii inaunguza," akanijibu hiyo ndiyo dalili ya kwamba dawa inafanya kazi. Baada ya wiki mbili nilikuwa na baka kwenye taya, jeusi kuliko madoa niliyokwenda kuyaondoa. Nilikwenda kutolewa kibanzi nikarudi na boriti.

Kliniki ninayoisifu iko Upper Hill. Jina silitaji, sikutumwa kupiga debe. Safari hii nililitafuta kwanza jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni, nikalipata. Kumwona tu ni shilingi 3,500, na siku hiyo hakunipaka chochote. Niliondoka nimenuna. Alikuwa na maswali kama karani wa sensa: Aspirini inakudhuru? (Asidi ya salisiliki, ambayo ndiyo angenipaka, na aspirini ni ndugu.) Hutokwa na vidonda vya homa mdomoni? Umewahi kumeza isotretinoini ya chunusi? Ukiumia, kovu huvimba? Nikamwonyesha bega langu la ajali ya baiskeli, akaridhika.

Akanieleza kwamba ngozi nyeusi ikichokozwa humwaga melanini, ile rangi ya ngozi, pale pale palipochokozwa, kwa hiyo asidi ikizama kupita kiasi huacha doa jipya. Baka la taya hilo! Ndiyo maana mtu wa rangi yangu hampaki fenoli, inayoambua hadi chini kabisa. Tungeanza na salisiliki ya asilimia 20, tupande hadi 30, kila baada ya wiki nne. Salisiliki huyeyuka kwenye mafuta, basi hupenya hadi ndani ya vinyweleo, na huko ndiko kesi yangu iliko.

Kupakwa kwenyewe ni jambo dogo. Wanakufuta mafuta usoni, wanakuziba pembe za mdomo na pua kwa vaselini, wanapaka kwa brashi, wanakushikisha feni ndogo. Dakika tatu za moto, kisha uso unapauka kama umenyunyiziwa chumvi. Nilidhani ngozi imekufa, kumbe ni asidi imekauka. Unaoshwa kwa maji, unalipa 7,000, unarudi kwenye matatu. Siku ya tatu ndipo kazi inapoanza: nilijivua gamba kama nyoka, na huwezi kumwagia mgeni chai huku kidevu kinapukutika juu ya kikombe. Panga na siku zako za mapumziko. Na usivute kwa kucha. Kipande kimoja nilikivuta, alama yake ninayo.

Jikoni walinicheka. "Kumbe na wewe mzee umeanza kujichubua!" Nikachoka kueleza kwamba mkorogo ni kitu kingine, zile krimu za haidrokwinoni na zebaki ambazo Kenya imezipiga marufuku kwenye vipodozi. Mimi naondolewa tabaka la juu lililokwisha kufa. Mama yangu alinitembelea baada ya mara ya pili, akaniuliza tu kama nakula vizuri.

Krimu ya kukinga jua ni lazima kila siku, hata Julai wakati wingu limetufunika wiki nzima, kwa sababu miale hupenya wingu. Niliyopewa kwanza iliniacha na rangi ya majivu. Ya pili, shilingi 2,200, ndiyo ninayovumilia.

Sasa lawama yangu. Asidi inafuta doa, haigusi ndevu. Hili lilisemwa, ila lilisemwa katikati ya mambo mengine ishirini, nami nikaendelea na wembe. Baada ya mara ya pili vipele vipya vikaota juu ya ngozi mpya. Ndipo daktari akaandika barua kwa bosi wangu: ninyoe kwa mashine, ibaki milimita moja hivi. Bosi aliisoma mara mbili, akanizunguka kama anayenunua mbuzi, akasema sawa, lakini zisije zikawa ndevu.

Madoa ya mashavuni yamefifia vizuri. Ya shingoni yamepungua nusu. Baka la River Road bado lipo. Ukiacha zile 1,500 za River Road, nimetumia 35,900 ukijumlisha chupa mbili za krimu ya jua, na bima ya kazini haikutoa hata senti. Ningeanza upya, ningeomba barua kwanza, ninunue mashine, ningoje miezi mitatu, kisha nihesabu yaliyobaki. Mara ya tano nimeiahirisha kwa sababu hiyo.