Miezi mitatu nikifanya hesabu na akili mnemba: nyota tatu na nusu

Nimetumia toleo la kulipia, na karibu kila siku ilikuwa ni hesabu. Kwenye kukokotoa sina la kulalamika. Milinganyo iliyokuwa ikinila jioni nzima inaimaliza sijakaa sawa kwenye kiti, na hatua zake zinasomeka. Wanaosema mashine haiwezi hisabati wamechelewa: Julai 2025 modeli ya Google DeepMind ilipata alama 35 kati ya 42 kwenye maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, kiwango cha medali ya dhahabu.

Nyota zilizopungua zimeliwa na ubao wa sataranji.

Kuna fumbo la zamani. Ubao una miraba 64. Ukiondoa kona mbili zinazotazamana kimshazari, je, dhumna 31, kila moja ikifunika miraba miwili, zitaufunika uliobaki? Haiwezekani. Kona hizo ni za rangi moja, kwa hiyo inabaki miraba 32 ya rangi moja na 30 ya nyingine, na kila dhumna hula mmoja mweupe na mmoja mweusi. Utamu wake ni kwamba rangi ulikuwa nazo mbele ya macho muda wote, hukuzijali.

Mimi nikaligeuza kidogo: ondoa kona mbili za upande mmoja. Ikajibu palepale kuwa haiwezekani, ikamwaga yaleyale ya 32 na 30, kwa ufasaha wa kukutia haya kubisha. (Niliona haya kweli, kama dakika tano hivi.) Kisha nikachukua penseli. Mstari wa juu umebaki na miraba sita: dhumna tatu. Mistari saba ya chini, dhumna nne kila mmoja: 28. Jumla 31. Umekwisha. Ilijibu fumbo inalolikumbuka, si nililoliuliza.

Nilipoionyesha ikaomba radhi na kukubali kuwa inawezekana. Nikaichokoza: hapana, umekosea tena. Ikaomba radhi tena! Hilo ndilo lililoniudhi kuliko kosa lenyewe. Mtu aliyechora zile dhumna kwa mkono wake angenisogezea karatasi na kuniambia nihesabu mwenyewe.

Mwezi ujao nalipia tena. Ila sasa nachora kwanza, ndipo naiuliza.