Kifaa cha kukoroma: cha maji ya moto au cha daktari wa meno?

Jambo wandugu, ba mama na ba papa mnaonifuata hapa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingineko. Leo mezani nina vifaa viwili vya kuvaa mdomoni usiku ili kuzuia kukoroma.

Hiki cha kwanza ni plastiki laini. Unakitumbukiza kwenye maji ya moto, unakiuma, kinashika umbo la meno yako, basi. Hiki cha pili kina vipande viwili, cha juu na cha chini, na hapa pembeni, ngoja nisogeze kamera, mnaona skrubu ndogo? Daktari wa meno alichukua kwanza umbo la meno yangu, ndipo kikatengenezwa.

Kazi yake ni ileile. Ukilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inakuwa nyembamba na kutetemeka: ndiyo kukoroma. Ikiziba, pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, ubongo unashtuka, unavuta hewa kwa nguvu, unalala tena na asubuhi hukumbuki kitu. Hiyo ndiyo apnea ya usingizi. Kifaa kinavuta taya la chini mbele, ulimi unafuata, hewa inapita.

Sasa kinachoniudhi. Kile cha maji ya moto wanakiuza kwa ahadi moja: hutakoroma. Na kweli, nikikivaa nyumbani wanalala. Lakini usingizi wa mke wako si kipimo cha pumzi yako! Kelele zinaweza kupungua na pumzi ikaendelea kukatika kimyakimya. Madaktari wanahesabu mara ngapi kwa saa inakatika au kupungua: 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ya wastani, kupita 30 ni kali. Unapimwa ukiwa umelala, mkanda kifuani, kijibomba puani, klipu kidoleni. Na ukishapata kifaa unapimwa tena ukiwa umekivaa, jambo ambalo muuzaji wa plastiki hatakuambia. Dereva wa lori wa njia ya Kasumbalesa anayesinzia kwenye usukani, tafadhali papa, usianze na hiki cha maji ya moto.

Cha daktari ninakikubali kwa sababu ya hii skrubu. Taya halivutwi mara moja. Mnaanzia karibu nusu ya uwezo wake wa kwenda mbele, kisha mnasogeza kidogo kidogo mpaka pumzi itulie. Hiki cha laini kimeganda pale ulipokiuma.

Ubaya? Mwanzoni mto unalowa mate, aibu tupu. Taya linauma, na asubuhi magego hayakutani sawasawa mpaka utafunetafune kidogo. Kwa miaka mingi meno yanaweza kusogea, kwa hiyo daktari wa meno aendelee kukuona. Bei nayo ni ya kuumiza: Marekani cha namna hii kinaweza kupita dola 1,000. Kioshe kwa maji ya baridi na mswaki, na usikiache ndani ya gari juani, kitapinda.

Mtaniuliza CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa ambayo Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliieleza mwaka 1981. Inapunguza kukatika kwa pumzi kuliko hivi vyote viwili, na kwa hali kali ndiyo inayoanza. Ila umeme wa kwetu mnaujua. Ukikatika saa nane za usiku na huna betri, mashine imekufa na barakoa iko usoni. Halafu wengi wanaivua katikati ya usiku, wakati kifaa cha mdomoni wanakivaa hadi asubuhi.

Na wazee wenye meno ya bandia matupu: hivi havina pa kushika, msinunue. Muulizeni daktari kuhusu CPAP, au kile kingine kinachofyonza ulimi na kuushikilia mbele.