Seti ya Old Fashioned ya Nyumbani: Barafu Imepatiwa, Kipimio Kimekosewa

Seti hii ya kutengenezea kokteli inauzwa kwa ahadi moja, nayo ni kwamba mtu ambaye hajawahi kusimama nyuma ya kaunta ya baa ataweza kujichanganyia Old Fashioned, kokteli ya wiski na sukari, inayostahili kunywewa. Ndani ya sanduku mna kopo la kutikisia, bilauri nene ya kukorogea, kijiko kirefu chenye mpini uliosokotwa, chujio, kipimio cha chuma chenye vikombe viwili, mchi mdogo wa mbao, kalibu ya barafu, bilauri mbili fupi za kunywea na chupa ya shira iliyokwisha kutiwa viungo. Wiski unajinunulia mwenyewe. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kujua ni kipi kinachobaki mezani na ni kipi kinachorudi sandukuni, na kwa maoni yangu waliopanga seti hii wameielewa barafu kuliko walivyoielewa kokteli.

Kopo la kutikisia ndilo linalovutia macho kwanza, lakini Old Fashioned haitikiswi. Kinachotikiswa ni kinywaji chenye maji ya limau, ute wa yai au maziwa, vitu ambavyo visipopigwa kwa nguvu havishikani na pombe. Wiski na sukari huchanganyika kwa kukorogwa tu, na ukizitikisa unapata kinywaji kilichojaa viputo na chenga za barafu, tena kilichozidi maji. Kopo litamfaa mpenzi wa Whisky Sour, yaani wiski yenye maji ya limau, ila hiyo siyo kokteli iliyotajwa juu ya sanduku.

Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimboni New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali, sukari, maji na bitasi, yaani ile pombe iliyolowekwa mizizi, magome na viungo vichungu. Old Fashioned haijaongeza mengi juu ya vinne hivyo isipokuwa ganda la chungwa. Vitu vikiwa vichache namna hiyo, kosa la mililita tano linajulikana ulimini mara moja, na ndiyo maana kipimio cha seti hii kinaudhi. Kikombe kikubwa huchukua mililita 60 na kidogo 30, lakini vipimo hivyo hupatikana tu ukijaza mpaka ukingoni, jambo ambalo mkono wa binadamu haulifanyi bila kumwaga. Alama za 45 na 15 zimechorwa kwa ndani kwa mstari mwembamba usioonekana mpaka ukiinamishe kipimio kuelekea kwenye taa, na ukishakiinamisha hakipimi tena.

Shira nayo ina kasoro kubwa zaidi. Watengenezaji wameweka sukari, bitasi na harufu ya chungwa katika chupa moja, kwa hiyo anayetaka kupunguza utamu analazimika kupunguza na uchungu papo hapo. Uhuru wa kupima kila kimoja peke yake si jambo dogo, kwa sababu wiski hazifanani. Bourbon, ambayo kwa sheria za Marekani hutokana na nafaka yenye mahindi yasiyopungua asilimia 51 na hukomaa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa kwa ndani, huja tayari na ladha ya vanila na karameli, wakati wiski ya rai, nafaka inayofanana na ngano, ni kavu na kali, nayo hubeba sukari zaidi bila kuchosha. Afadhali kuiacha chupa hiyo, ukachemsha mwenyewe sukari sehemu mbili kwa maji sehemu moja, kwa uzito, mpaka shira iwe angavu. Kijiko kimoja cha chai cha shira hiyo ni karibu sawa na kitonge kimoja cha sukari. Anayeshikilia kitonge chenyewe atautumia mchi, lakini sukari haiyeyuki vizuri katika pombe, hivyo ni lazima akiloweshe kwanza kwa bitasi na maji kidogo, na bado chembe zitabaki chini ya bilauri. Kwa uchungu, nunua bitasi ya Angostura, iliyobuniwa kuwa dawa ya tumbo na daktari Mjerumani Johann Siegert mwaka 1824 nchini Venezuela na ambayo sasa hutengenezwa Trinidad. Utaitambua kwa karatasi yake inayozidi urefu wa bega la chupa, kana kwamba ilikatwa kwa ajili ya chupa nyingine.

Kalibu ya barafu, kwa upande wake, inatosha kuwa sababu ya kununua. Ni kisanduku chenye kuta nene za povu gumu, kilicho wazi juu, na ndani yake mna umbo la mpira laini lenye nafasi mbili za mchemraba wa sentimita 5, zilizotobolewa chini ili maji yawasiliane na hifadhi iliyo kitakoni. Kwa kuwa baridi huingia kwa juu peke yake, maji huganda kuelekea chini huku yakiisukuma hewa mpaka kwenye hifadhi hiyo, na barafu nyeupe inayojikusanya huko hutupwa. Trei ya kawaida hugandisha kutoka pande zote na kuibana hewa katikati. Kazi huchukua karibu siku nzima, na agizo la kijitabu la kuyachemsha maji mara mbili unaweza kulipuuza, maana sikuona tofauti yoyote.

Faida ya ukubwa ni kubwa kuliko ya uangavu. Mchemraba wa sentimita 5 una eneo la nje la sentimita za mraba 150, lakini barafu hiyohiyo ikigawanywa katika vipande vinane vya sentimita 2.5, eneo linafika 300, nayo barafu huyeyukia pale inapogusana na kinywaji. Kabla ya kuutumia, uache mezani dakika chache mpaka uso wake ung'ae kwa unyevu. Ukiumwagia wiski ungali umeganda kavu, utasikia mlio na kuona ufa umeupasua kutoka kona hadi kona.

Inashangaza basi kwamba bilauri za kunywea za seti hiyohiyo zimesinyaa kuelekea chini, hivi kwamba mchemraba hukwama kwa kona zake nne na kuning'inia juu ya kitako. Tumia bilauri nyingine yenye kuta zilizonyooka na upana wa ndani wa sentimita 7.5 hivi.

Bilauri ya kukorogea na kijiko havina lawama. Tia wiski mililita 60, shira kijiko cha chai, Angostura mitikiso miwili, kisha barafu ndogondogo mpaka ipite usawa wa kinywaji. Mpini uliosokotwa huzunguka wenyewe kati ya vidole huku mgongo wa kijiko ukifuata ukuta wa bilauri, na sekunde 20 hadi 30 zinatosha kabla ya kukichuja kinywaji juu ya mchemraba mkubwa. Maji yanayoingia wakati huo ni sehemu ya kokteli, ndiyo maana wiski yenye kileo cha asilimia 45 au 50 hustahimili kuliko ya 40. Mwishoni ganda la chungwa hukunjwa upande wa rangi ukielekea kinywaji, na ukiwa karibu na taa utaona mafuta yakiruka kama mvuke. Seti yenye mchi na kopo la kutikisia haikupewa kisu cha kumenyea ganda hilo.

Kalibu inauzwa peke yake pia, na kwa mwenye bilauri nzuri nyumbani huo ndio ununuzi wa busara. Seti nzima itamfaa zaidi anayekusudia kutengeneza na Manhattan, kwa kuwa nayo hukorogwa na kuchujwa kwa vifaa hivyohivyo, wiski sehemu mbili kwa vemuthi nyekundu sehemu moja. Ila vemuthi ni mvinyo, na chupa yake ikishafunguliwa ikae ndani ya friji.