Feni pacha za kupozea amplifaya: zinafaa, ila zigeuzwe kwanza

Kwa muda wa miezi mitatu amplifaya yetu ya sebuleni, ambayo ina umri wa miaka tisa, ilikuwa ikikata sauti ghafla kila tulipoisikiliza kwa zaidi ya saa moja, na ilikuwa haikubali kuwaka tena mpaka ipumzike kwa robo saa. Anayeishi Tanga anajua joto la Februari lilivyo: sebule yetu hufika nyuzijoto 32 mchana, na kifaa kinachojipoza kwa hewa ya chumba hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa hiyo. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha transista, yaani vijenzi vinavyokuza mawimbi ya sauti, bila hata kufungua kifuniko. Nikaona nijaribu kwanza feni pacha zinazouzwa kwa ajili ya kuwekwa juu ya amplifaya, nikazinunua kwa shilingi 48,000.

Ni fremu moja yenye feni mbili za milimita 120, wavu wa chuma, miguu minne ya mpira, waya wa USB wa volti 5 na kitufe cha kuchagua kasi chenye hatua tatu. Kwa bei hiyo, zimeundwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni karatasi ya maelekezo, ambayo inamwelekeza mnunuzi aziweke zipulize hewa chini, kuelekea ndani ya amplifaya. Nilitii, na baada ya saa moja kipimajoto nilichokilaza juu ya matundu kilishuka kutoka nyuzi 57 hadi 53 tu. Hewa ya moto hupanda yenyewe kutoka kwenye hitisinki, yaani mapezi ya chuma yanayotoa joto la transista, kwa hiyo feni inayoisukuma irudi chini inashindana na mwendo wake wa asili, na juu ya hayo inapeleka vumbi ndani. Nilipoigeuza fremu ili ifyonze hewa na kuitoa juu, kwa sauti ileile na muda uleule, kipimajoto kilisoma nyuzi 43. Amplifaya haijakata tangu siku hiyo, na sasa ni wiki ya sita.

Sitaki, hata hivyo, kuzipa feni sifa zote. Kabla ya kuzifunga ilinibidi niondoe kitambaa cha kufuma ambacho mama mkwe alituletea, na ambacho kwa miaka kadhaa kilitandikwa juu ya amplifaya kama vinavyotandikwa vitambaa vya namna hiyo juu ya kila redio na televisheni ya pwani hii. Kilikuwa kimeziba karibu nusu ya matundu. Vilevile niling'oa mlango wa kioo wa kabati na kusogeza king'amuzi, ambacho nacho hutoa joto lake, hadi rafu nyingine. Ninaamini hatua hizo, ambazo hazikunigharimu hata senti, zilifanya theluthi ya kazi.

Kisa cha joto lenyewe si ubovu. Amplifaya nyingi za nyumbani ni za daraja AB, ambazo hata kwa hesabu za nadharia haziwezi kupeleka kwenye spika zaidi ya asilimia 78 hivi ya umeme zinaoutumia, na kwa sauti ya kawaida ya sebuleni kiwango hicho huwa chini zaidi. Kinachobaki chote ni joto. Kukata sauti ni kinga iliyowekwa na watengenezaji ili transista zisiungue. Kinachoumia polepole ni kapasita zenye elektroliti, yaani vijenzi vya kuhifadhi chaji ya umeme vyenye kimiminika ndani, ambazo kwa makadirio yaliyozoeleka umri wao hupungua kwa nusu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Kwa hesabu hiyo, nyuzi 14 nilizozipunguza zina thamani kubwa kuliko bei ya feni.

Kuna tatizo moja ambalo feni hizi hazitalitatua. Kijana wetu alikuwa ameongeza spika mbili za barazani kwenye vituo vilevile vya spika za ndani. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba huonekana kwa amplifaya kama omu 4, na mkondo huongezeka maradufu. Kama kifaa hakikuundwa kwa mzigo huo, kitachemka hata ukikiweka ndani ya friji. Tulizitoa.

Kuhusu kelele, hatua ya kwanza haisikiki kabisa na ya pili husikika kwa anayeitafuta. Ya tatu inavuma, na anayesikiliza kisomo cha Kurani usiku ataichukia, mimi siitumii. Miguu ya mpira imeacha alama nyeusi juu ya kifuniko. Waya wa USB nimeuchomeka kwenye chaja ya simu badala ya kwenye amplifaya, ili feni ziendelee kuzunguka kwa dakika kumi hivi baada ya kuzima muziki.

Mwenye amplifaya kubwa ndani ya kabati ningemshauri azinunue. Mwenye spika ndogo zenye amplifaya ya daraja D, ambayo hupoteza umeme kidogo sana kama joto, atakuwa ametupa fedha. Kitambaa cha mama mkwe sasa kimetandikwa juu ya spika ya besi, ambayo amplifaya yake imefungwa mgongoni na haina tundu lolote juu.